Hatua Tatu za Udongo

Mimi sakafu yangu nilikuwa naipima kwa kikombe cha maji. Pima maji ninazo mbili, uzi ninao, na ule mpira mrefu unaopitisha mwanga, wa kuhamishia usawa kutoka ukuta huu hadi ule, ninao pia, na vyote nilivitumia. Lakini kazi ikishaisha na gundi ikishakauka, mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni mikono kiunoni akitafuta kasoro, namwomba kikombe cha maji. Nayamwaga taratibu katikati ya chumba. Kwenye sakafu ya fundi babaishaji maji hukimbilia kona kama wanafunzi waliosikia kengele. Kwenye sakafu yangu yalitanuka kidogo, yakafanya duara, yakatulia.

"Unaona?" namwambia. "Hayajui pa kwenda."

Nimefanya hivyo Shangani, Mtwara mjini, nyumba baada ya nyumba, kwa watu wa bandarini na mawakala wa forodha, wenye kuamini macho yao kuliko fundi. Walicheka, wakanipa mkono, wakanitafutia kazi kwa shemeji zao. Sasa kikombe siombi tena. Nitaeleza sababu, na anayetaka kunihukumu anihukumu, mimi nimeshamtangulia.

Naitwa Zuberi. Kwetu ni Mpapura, nyumba ya tatu ukitoka msikitini, yenye mikorosho miwili nyuma ya ua. Mama yangu, Mwanaisha, alikaa mle tangu alipoolewa. Kuta za miti na udongo tulizibadilisha moja moja kuwa za tofali, palepale zilipokuwa, na makuti tukayabadilisha kwa bati. Sakafu ndiyo iliyobaki ya udongo. Mama aliinyunyizia maji kila asubuhi na kuifagia mpaka ikawa ngumu, inang'aa kidogo mahali pa kupita. Mimi nikija likizo nilikuwa naiona aibu. Mtoto wa nyumba hii anawatandazia watu wa mjini marumaru, na mama yake anafagia vumbi!

Mwaka juzi, korosho zikiwa bado maua, mama alijikwaa kwenye kizingiti cha chumba chake akaanguka. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Dada yangu Mwanaidi, anayekaa kijijini hapo hapo, akanipigia simu analia. Nikamwambia anyamaze, nakuja, na nikija hakuna kizingiti kitakachobaki katika nyumba ile. Nitaweka sakafu moja, kuanzia mlango wa mbele hadi kitandani kwa mama, isiyo na ngazi wala kibonde. Hata akitembea usiku macho yamefumba, mguu wake usikutane na kitu.

Nilifika na kirikuu imejaa boksi za marumaru, saruji na gundi, pamoja na mwenzangu Helder. Helder ni mtu wa karibu na Ruvuma. Babu yake alivuka kutoka Msumbiji na jembe begani, na mjukuu amerithi kazi na ukimya. Tumefanya kazi pamoja miaka minane. Yeye anachanganya, anakata, anabeba, na mara moja moja ananiambia neno ambalo sitaki kulisikia.

Tulipanga mama akakae kwa Mwanaidi wiki mbili, vumbi lisimsumbue. Asubuhi ya kuondoka alikuwa ameshafunga mfuko wake wa nguo, ameketi juu ya kinu alichokilaza.

"Zuberi, chumba changu utakifanyaje?"

"Kama kwingine, mama. Ukuta kwa ukuta."

"Hebu njoo."

Nikamfuata, naye akauburuta mguu wake hadi chumbani. Alisimama kando ya kitanda, upande wa dirisha, akaonyesha chini kwa kidole cha ule mguu mzima.

"Hapa uniachie. Hatua tatu tu za udongo. Nitatandika nkeka juu, hakuna atakayeona."

"Pa nini, mama?"

"Pa mfuo."

Kwa asiyejua, kwetu mtu akifa huoshwa chumbani mwake. Huchimbwa handaki dogo sakafuni, kitanda cha kamba kikawekwa juu yake, na maji yote anayooshewa yanaingia humo. Huo ndio mfuo. Wakimaliza, udongo hurudishwa, na maji ya marehemu yanabaki nyumbani kwake, hayatapakai wala hayakanyagwi na kila apitaye. Baba alioshwa mahali pale nikiwa na miaka kumi na moja. Kabla yake alioshwa mdogo wetu Somoe, aliyekwenda kwa surua hajatimiza mwaka. Mama ndiye aliyepajua barabara, maana ndiye aliyepafagia.

"Mama, asubuhi yote hii unaanza habari za kufa?"

"Kufa kuna saa zake? Nakwambia maji ya baba yako yaliingia hapa. Ya Somoe yaliingia hapa. Na yangu yaingie hapa hapa. Sikuombi jingine."

Nilikasirika. Sehemu ya hasira ilikuwa woga wa mtoto kusikia mama yake anajipimia shimo. Lakini nikisema ilikuwa woga mtupu nitakuwa mwongo, na uongo katika jambo hili nimeshausema wa kutosha. Sehemu kubwa ilikuwa ufundi. Sakafu yangu yenye tundu! Mistari ingekatika, kingo zingebanduka, mchwa wangepanda. Nilimwona akilini fundi yeyote wa Mtwara akiingia mle, akafunua mkeka na kucheka.

"Tutaona, mama," nikasema, ili aondoke.

Aliridhika. Alipakiwa kwenye kirikuu, mfuko magotini, akaniambia nisisahau kula.

Kazi niliifanya kama sijawahi kuifanya kwa mtu anayenilipa. Udongo wa Mpapura una mchwa, na mizizi ya mkorosho inatafuta njia hata chini ya nyumba, kwa hiyo tulichimba ndani yote, futi moja na nusu, chumba kwa chumba. Udongo tuliutoa kwa toroli. Mbele ya nyumba, barabarani, mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimechimba korongo ambalo bodaboda walikuwa wanalizunguka kwa matusi. Tukalifukia. Majirani walikuja kunishukuru, wakasema ndiyo faida ya kuwa na mtu mjini.

Tulipofika chumba cha mama, Helder alisimama na sepetu mkononi.

"Na pale alipopasema?"

"Pale wapi?"

"Zuberi, nilikuwa ukumbini. Nilisikia."

"Helder, chimba."

Alichimba. Udongo wa dirishani ulitoka mweusi zaidi, au labda naukumbuka hivyo sasa. Ulikwenda barabarani pamoja na mwingine. Tukajaza kifusi, tukashindilia, tukatandika nailoni, tukafunga wavu wa nondo, nikamwaga jamvi la zege inchi nne. Kwa nyumba ya kawaida nondo ni anasa. Mimi nilitaka sakafu ya mama isipasuke mpaka kiyama.

Halafu marumaru. Nilichagua za rangi ya maziwa, arobaini kwa arobaini, zenye uso unaokwaruza kidogo ili mguu wake usiteleze. Nilivuta uzi kutoka mlango wa mbele ukapita ukumbini hadi chumbani kwake, mstari mmoja. Kila kigae nilikipaka gundi uso mzima, siyo vile vidonge vitano vya kubahatisha ambavyo kesho kigae kinalia kama debe tupu. Nilikilaza, nikakigonga kwa nyundo ya mpira, nikaweka pima maji huku, nikaiweka kule, nikaingiza misalaba ya plastiki kwenye pembe ili nafasi zilingane. Kikizama kwa unene wa karatasi, nilikitoa nikaanza upya. Helder alisema hata msikiti hatukuuwekea hivyo. Mlangoni kwa mama, palipokuwa na kile kizingiti, nilipiga magoti nikapitisha kiganja. Hapakuwa na kitu, uso mmoja. Naapa niliona machozi yananilenga.

Mama alirudi Ijumaa. Alivua kandambili nje, akanawa miguu kwa maji ya kopo, akaingia akishikilia ukuta, kisha akaachia ukuta. Alitembea mwenyewe hadi chumbani. Nilikuwa nyuma yake na kikombe changu cha maji, namsubiri ageuke nimwonyeshe.

Aligeuka, lakini hakutazama kikombe. Alikuwa anatazama upande wa dirisha.

"Umepafunika."

"Mama, isingewezekana. Ingeharibika yote."

Aliinama kwa shida, akagonga kigae kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Udongo wangu uko chini yake?"

Helder alikuwa anakusanya vyombo ukumbini. Nilisikia mkono wake umesimama.

"Uko chini, mama."

"Basi siku ikifika utanifungulia."

"Nitakufungulia."

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Akakaa kitandani, akasema sakafu ni nzuri, Mungu anipe nguvu. Nikamwaga kikombe changu, maji yakatulia katikati ya chumba, naye akacheka kwa adabu, jinsi anavyocheka mtu aliyeonyeshwa mtoto wa jirani.

Baada ya hapo nyumba ikawa yangu, na mama akawa mgeni. Sikuliona hilo wakati ule. Watu walikuja kutazama, wanavua viatu mbali, wanaongea kwa sauti ya chini kama wako hospitali. Mama aliacha kubangulia korosho ndani. Akasema miguu inamuuma kwa ubaridi, nikamletea zulia. Siku moja nilifika bila taarifa nikamkuta ukumbini anatwanga kisamvu kwenye kinu, juu ya marumaru, kwa kuwa nje kulikuwa na upepo. Nilimfokea. Mimi, mwanawe, nilimfokea mama yangu kwa ajili ya kigae. Alibeba kinu chake akakisukuma nje kwa goti, na mguu ule unaburuta. Kisamvu kile nilikila jioni nikakisifia. Leo nikikumbuka hata njaa inanitoka.

Mwanaidi aliniambia mama alikuwa na mazoea mapya. Baada ya alasiri alitandika mkeka wake upande wa dirisha, akaegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akakaa pale na tasbihi mpaka magharibi. Mwanaidi akimwuliza kwa nini asikae nje kwenye hewa, anajibu kwamba hapo ndipo nyumbani. Nilimjibu Mwanaidi kwamba wazee wana mambo yao.

Mwaka huu mwezi wa tatu nilikuwa Shangani, nimeshachanganya gundi, simu ikaita saa moja asubuhi. Nilikata. Ikaita tena. Mwanaidi hakusalimia.

"Mama ametutoka. Alfajiri, baada ya swala." Akavuta pumzi. "Watazika adhuhuri ikishaswaliwa. Njoo na vyombo vyako, kaka. Juzi alinishika mkono, akasema asitolewe nje, aoshwe chumbani. Akasema usiwe na wasiwasi, Zuberi atafungua."

Gundi ile iliganda kwenye ndoo. Helder alikwishapakia nyundo, tindo na grenda kwenye pikipiki kabla sijamwambia kitu. Njia nzima mvua ilitupiga usoni, naye hakusema neno, nami nilikuwa namchukia kwa kutosema.

Tulifika saa tatu na nusu. Wanaume walikuwa wamebanana barazani chini ya bati, wakanipisha, wakanipa mikono. Ukumbini wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mama alilazwa kwenye kona ya ukumbi nyuma ya pazia la kanga, kwa sababu chumba kilikuwa kinanisubiri mimi. Bi Mariamu, muoshaji wa wanawake wa Mpapura, jirani aliyempokea hata Somoe siku aliyozaliwa, alikuwa mlangoni na majani yake ya mkunazi.

"Pole, baba. Maji yako motoni. Tufungulie."

Umeme ulikuwa umekatika kwa mvua, kwa hiyo grenda ilikuwa chuma tu. Nilisogeza kitanda, nikapiga magoti upande wa dirisha. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa pale, na tasbihi juu yake. Nikaviweka kando. Nikaweka tindo kwenye mstari, nikapiga.

Kigae kibovu ukikipiga pembeni kinang'oka kizima. Changu hakikung'oka. Kilitoa kipande kidogo kama ukucha. Nikapiga tena, ukucha mwingine. Gundi niliyoipaka uso mzima ilishika kila upande, na mimi nikiwa juu yake kwa nyundo na jasho naikwangua kwa vipande vya kuhesabika. Kila pigo lilikwenda ukumbini. Wanawake walikuwa wanasoma Yasini, na kila nilipopiga, sauti yao ilikatika kidogo, kisha ikaendelea. Nilikuwa nampigia mama yangu nyundo siku ya kifo chake, na nyumba nzima inasikia.

Saa nne na nusu nilikuwa nimeondoa vigae vinne na kulifikia jamvi. Tindo iliruka, ikanikata kidole. Nilitoboa shimo la ukubwa wa sahani, kina cha nusu kiganja, nikakutana na nondo. Nondo niliyoifunga mimi, kwa waya, kila makutano.

Helder akachuchumaa karibu yangu. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Unachimba nini, ndugu yangu?"

Nikapiga.

"Zuberi. Hata ukifika chini utakuta kifusi. Udongo tuliutoa."

Nilijua. Hakuna anayeweza kusema nilisahau. Toroli kwa toroli nilizisukuma kwa mikono hii. Lakini mkono ulikuwa unapiga, na maadamu unapiga, nilikuwa bado mtoto anayemfungulia mama yake. Helder alinishika kifundo cha mkono. Hakunishika kwa nguvu, ila sikuweza tena kuunyanyua.

Bi Mariamu alifunua pazia la mlango akaona shimo la sahani, nondo, na damu ya kidole changu.

"Inatosha, baba. Hawezi kuendelea kungoja."

"Tumpeleke uani?" mwanamke mmoja aliuliza nyuma yake. Kule uani maji ya mvua yalifika kwenye vifundo vya miguu.

"Alisema asitolewe," Mwanaidi akasema. Alikuwa ananitazama mimi. "Kaka, si ulisema utafungua?"

Bi Mariamu akaamua. Ataoshwa chumbani kama alivyousia, yatawekwa mabeseni chini ya kitanda, na mengine Mungu atasaidia. Wakatutoa. Wakaingiza kitanda cha kamba, wakamwingiza mama, wakafunga mlango. Mimi nilikaa ukumbini, chini, mgongo ukutani, mkabala na mlango ule usio na kizingiti.

Nilisikia maji ya kwanza yakimwagwa. Nilisikia sauti ya Bi Mariamu, ya upole, anaongea naye kama alivyoongea naye maisha yote, geuka kidogo, haya, mkono sasa. Mabeseni yakagongana. Halafu nikaona.

Yalitokea chini ya mlango. Hayakutokea upande mmoja. Yalitokea upana wote wa mlango, ukingo mmoja ulionyooka, membamba kama karatasi, na jani la mkunazi likielea juu yake. Yalivuka pale nilipopitisha kiganja siku ile. Fundi yeyote wa kubabaisha angekuwa ameacha bonde mahali fulani, kona moja iliyoinama, yakaenda huko yakatulia. Mimi sikuacha, na lile shimo langu la sahani lazima lilikuwa limeshajaa. Yaliendelea sawasawa kila upande, kigae baada ya kigae, kuelekea kwenye mikeka. Wanawake waliinuka, wakashika kanga zao juu ya vifundo, wakarudi nyuma mpaka ukutani wasimkanyage. Mmoja alianza kulia kwa sauti, na siyo kilio cha msiba, kilio cha hofu.

"Zuberi!" Bi Mariamu aliita kutoka ndani. "Mabeseni yamejaa! Maji yaende wapi?"

Kila mtu alinitazama, maana ndiye fundi.

Nilivua shati. Nilipiga magoti nikaliweka mbele ya yale maji, nikayazuia kwa shati na kwa mikono, yakanizunguka. Mwanaidi akaniletea ndoo. Nikafuta, nikakamua, nikafuta, nikakamua. Yalikuwa na uvuguvugu bado na harufu ya karafuu maiti. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi niliyazoa, nusu ndoo, maji ya mama yangu, kwa shati la kazi lenye gundi ya nyumba ya watu wa Shangani.

Hayakwisha yote. Walipomtoa nje akiwa kwenye jeneza, wabebaji walivua viatu na kupita juu ya unyevu, hapakuwa na njia nyingine. Tukamswalia, tukamzika, mvua ikiwa imepungua. Niliingia kaburini kumpokea. Humo udongo ulikuwemo, tele, mwekundu, mzuri. Niliutazama udongo ule nikaona wivu.

Tuliporudi ndoo ilikuwa palepale mlangoni pa chumba, imefunikwa sinia. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwanaidi alikuwa amekaa pembeni yake kama anailinda.

"Ukishapumzika ufungue tuyamwagie pale," akasema. "Umeme umerudi. Hata kama amechelewa, atafika kwa baba."

Alikuwa na imani kabisa. Nilichukua ndoo nikamwambia nitajua pa kuyapeleka. Nilitoka nayo barabarani, kwenye lile korongo tulilolifukia. Nilikuwa nimejiambia kwamba udongo uko pale, umehama tu hatua thelathini, na udongo ni udongo. Nitachimba kwa mkono, nitamwaga, nitafukia, na baba na Somoe na mama watakuwa pamoja, hata kama ni njiani kwa watu.

Korongo lilikuwa limerudi. Masika ya mwaka jana yalianza kulila, na mvua ya wiki ile ilimaliza kazi. Kilichobaki ni mtaro mtupu wenye mawe chini, na maji mekundu yakikimbia kuteremkia mabondeni, huko yanakokwenda maji yote, sijui Ruvuma, sijui baharini. Kijana wa bodaboda alipita akilizunguka, akanipa pole ya msiba, akatukana barabara. Nilisimama ukingoni na ndoo. Kulia paliteremka, kushoto paliteremka, na mimi, niliyejua usawa wa kila nyumba niliyoingia, sikujua pa kuinamisha mkono.

Nikayamwaga. Nilisema, yafuate. Hayakutoa hata sauti, yalichukuliwa kabla sijaigeuza ndoo yote.

Mwanaidi alikuwa ananisubiri ukumbini, ndiyo kwanza ametoka jikoni uani kutia maji ya chai ya wageni; barabarani hakuniona, na chumbani hakuwa ameingia. Alitazama ndoo tupu.

"Umeyamwaga wapi, kaka?"

"Kwa baba," nikasema. "Palepale."

Alifunika uso kwa kanga akalia, kisha akanishika mkono wenye kidole chenye jeraha, akanishukuru. Akasema alijua, mama alisema Zuberi atafungua. Halafu akaenda kutazama chai. Mimi nikaingia chumbani na ufagio, nikaanza kuokota vipande vya marumaru.